Mikono Kwanza, Glavu Baadaye: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaochukuliwa Damu Tanga

Kaa asubuhi kwenye benchi la maabara yoyote Tanga, iwe Ngamiani, Makorora, Pongwe au kule Bombo, utaona macho ya watu yako kwenye glavu. Mhudumu aliyevaa huaminiwa, asiyevaa hutiliwa shaka, na mikono iliyo ndani ya glavu haimshughulishi mtu. Hapo ndipo wagonjwa wengi wanapokosea, na makosa hayo yanawaumiza wenyewe. Haya ni majibu ya maswali wanayouliza wagonjwa na ndugu zao, pamoja na yale wanayonong'ona wakishatoka mlangoni.

Akishavaa glavu, kunawa kwa nini tena?

Kwa sababu glavu haisafishi mkono, inaufunika tu. Glavu hizi nyembamba huweza kuwa na vitundu ambavyo jicho halivioni, na nyingine huchanika wakati wa kuvaa, hasa kwa mwenye kucha ndefu au pete. Halafu kuna boksi lenyewe. Boksi moja lina glavu 100, na kila anayechukua anaingiza vidole vyake humo humo. Mkono mchafu ukizama kuvuta glavu moja unagusa na zile zilizo chini yake, na mojawapo ndiyo itakayokugusa wewe.

Baada ya kazi pia lazima anawe. Joto letu la Januari na Februari mnalijua: dakika chache ndani ya mpira mkono umelowa jasho, na vijidudu hupenda penye unyevu na joto. Isitoshe, wakati wa kuvua glavu ni rahisi sana damu iliyo nje yake kugusa kifundo cha mkono. Kunawa kwa sabuni na maji tiririka kunachukua sekunde 40 hadi 60. Kwa kitakasa mikono chenye spiriti ni sekunde 20 hadi 30, na mikono isuguliwe mpaka ikauke yenyewe. Anayejipaka tone moja na kujifuta kwenye koti hajatakasa chochote.

Nitajuaje kama mambo yamefanyika kwa utaratibu? Mimi si daktari.

Huhitaji kuwa daktari. Angalia kipi kinatangulia kipi.

Kwanza anakuuliza majina yako kamili na kuyalinganisha na fomu. Anakufunga mpira juu ya kiwiko, vidole vinne hadi vitano kutoka mahali atakapochoma, kisha anapapasa kuutafuta mshipa. Akishaupata, ndipo anatakasa mikono na kuvaa glavu mpya. Wengi huulegeza mpira hapo katikati na kuukaza tena baadaye, nao wanafanya vizuri, kwa sababu mpira ukibana zaidi ya dakika moja damu hukusanyika mkononi na baadhi ya majibu huanza kupotoka. Kisha anafuta ngozi kwa spiriti ya asilimia 70 kwa muda wa sekunde 30 na kuiacha ikauke sekunde nyingine 30. Anachoma sindano ikiwa imelala, si zaidi ya nyuzi 30, anajaza vichupa, anafungua mpira, ndipo anachomoa. Sindano inakwenda moja kwa moja kwenye boksi gumu la kutupia. Hairudishwi kwenye kifuniko chake, wala boksi lenyewe halijazwi kupita robo tatu. Anaandika jina lako kwenye vichupa ukiwa bado umekaa mbele yake. Anavua glavu, anatakasa mikono, ndipo anamwita mwingine.

Kinachoharibika mara nyingi ni zile sekunde 30 za kukauka. Foleni ni ndefu, mtu ana haraka, anapuliza kwa mdomo au anapepea kwa mkono. Anayepuliza anarudisha mate pale pale alipopasafisha. Anayechoma kungali na unyevu anakuachia maumivu ya kuwasha kama pilipili, na spiriti ikiingia kwenye damu inaweza kuvunja chembe zake, maabara ikaikataa sampuli. Wewe utaambiwa urudi kesho na hutajua sababu. Kosa la pili ni kuupapasa tena mshipa baada ya ngozi kufutwa. Glavu hizi si za chumba cha upasuaji. Ni safi, lakini si kwamba hazina vijidudu kabisa. Akigusa tena, afute tena.

Nimemkuta ameshavaa glavu. Si ndiyo vizuri, yuko tayari?

Hapana, na hili tungependa kila mgonjwa alijue kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu. Glavu uliyoikuta mkononi huwezi kujua imegusa nini. Pengine ni ya mtu aliyeinuka kwenye kiti hicho dakika mbili zilizopita. Pengine imeshika simu, kitasa, daftari la usajili na noti ya elfu tano.

Glavu yako ni ile uliyoiona ikitoka kwenye boksi.

Kuna mtego hapa. Mkono mtupu ukirukiwa na tone la damu mwenyewe hushtuka akanawa. Aliyevaa glavu hashtuki, anaendelea kushika vitu. Tazama kalamu: amekuchoma, ameichukua na glavu ile ile, ameandika kwenye kichupa, halafu anakupa wewe utie saini. Vijidudu vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi kwenye damu iliyokauka, hata pale ambapo doa halionekani. Usione haya kuomba kalamu nyingine, au kwenda na yako.

Wengine hupaka kitakasa mikono juu ya glavu badala ya kuibadilisha. Inatosha?

Haitoshi. Spiriti hudhoofisha mpira, na glavu za aina hii zimetengenezwa zitumike mara moja. Kuziosha kwa sabuni nako hakufai. Mgonjwa mmoja, jozi moja.

Mbona amevaa glavu kwangu? Ameniona nina ugonjwa?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, hasa na akina mama wa makamo na wazee. Mtu anasema, "Kanivalia mipira kama vile mimi ni uchafu." Wengine huondoka bila kupima. Jibu ni kwamba anamvalia kila mtu, na ni lazima iwe kila mtu, kwa sababu virusi vilivyomo kwenye damu havionekani usoni.

Shaka hii ina asili yake, si ujinga. Glavu za mpira ziliingia hospitalini karibu mwaka 1890 huko Baltimore, Marekani, pale daktari wa upasuaji William Halsted alipomwagizia muuguzi Caroline Hampton glavu kwa sababu dawa za kuulia vijidudu zilikuwa zikimchubua mikono. Zilianza kama kinga ya ngozi ya mhudumu. Kwa miaka mingi baadaye zilibaki chumba cha upasuaji, na damu ya vipimo ilichukuliwa kwa mikono mitupu. Wazee wetu wanaokumbuka hivyo wanakumbuka sawasawa. Hapa Tanzania wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Mwaka 1987 Marekani ilitoa mwongozo kwamba damu ya kila mgonjwa ishughulikiwe kana kwamba ina maambukizi, bila kumchagua mtu, na utaratibu huo ukaenea duniani. Kwa hiyo katika macho ya watu glavu na UKIMWI viliingia pamoja, na ile hisia ya kunyooshewa kidole imebaki.

Ukweli ni kwamba unyanyapaa upo pale mhudumu anapochagua: huyu nimvalie, yule hapana. Ukiona hivyo una haki ya kukasirika. Na mhudumu naye ana sehemu yake. Akisema tu, "Bibi, hizi nawavalia wote, ni kwa usalama wako na wangu," shaka nyingi huyeyuka. Ni maneno ya sekunde tatu.

Naweza kumwambia anawe mikono au abadilishe glavu? Hatanikasirikia akanichoma vibaya?

Unaweza, na mhudumu anayeijua kazi yake hatakasirika. Wanaonyamaza si kwamba hawaoni. Wanaona, lakini wanahofia kuonekana wajuaji, au wanaona si adabu kumsahihisha mtu mwenye koti jeupe.

Wakati wa kusema una maana kuliko maneno. Sema unapokaa, kabla hajakufunga mpira. Ukisubiri mpaka ngozi imeshafutwa na sindano iko mkononi, unamkatiza mahali pabaya. Salimia kwanza, kama ni mkubwa kwako, mpe shikamoo yake. Kisha: "Samahani dada, naomba kabla hujaanza unibadilishie glavu." Au: "Kaka, nisaidie utakase mikono, nina wasiwasi kidogo." Ukimsindikiza mzee wako, sema wewe kwa niaba yake: "Sista, mama yangu ana kisukari, vidonda vyake haviponi haraka, naomba uanze kwa kunawa." Sababu ya kiafya inampa mtu nafasi ya kufanya bila kuona amesutwa.

Amekata ncha ya kidole cha glavu ili auhisi mshipa vizuri. Ni sawa?

Si sawa kabisa. Kidole kilichobaki wazi ndicho kilicho karibu na sindano kuliko vyote. Tunajua kwa nini wanafanya hivyo: mishipa ya watoto, ya wazee na ya wanaoishiwa maji mwilini ni migumu kuipata, na glavu kubwa kupita mkono hufanya mikunjo kwenye ncha za vidole. Dawa yake ni kutafuta mshipa kabla ya kuvaa, na kuvaa saizi inayokaa. Glavu iliyokaa vizuri haina mkunjo kwenye ncha wala haiachi nafasi kwenye kifundo. Kituo kinachoagiza saizi kubwa peke yake kinawalazimisha wenye mikono midogo kuzikata.

Wewe nawe msaidie: kunywa maji ya kutosha kabla ya kwenda (hata kwa vipimo vya kufunga kula, maji matupu kwa kawaida huruhusiwa), na uuache mkono uning'inie chini dakika chache. Ila usifumbe na kufumbua ngumi kwa nguvu mfululizo. Hilo linaweza kupandisha kipimo cha potasiamu bila ugonjwa wowote.

Kituo hakina maji. Nikubali?

Maji ya bomba kukatika hakuzuii usafi. Ndoo yenye koki na sabuni inatosha, na kitakasa mikono kinatosha zaidi, ilimradi mikono haina uchafu unaoonekana wala damu. Ikiwa nayo, ni sabuni na maji tu. Kinachotakiwa kukataliwa ni beseni moja ambalo kila mtu anachovya mikono, na taulo moja linalofuta mikono ya zamu nzima.

Kitakasa mikono kinaweza kutengenezwa hapa hapa. Fomula ya Shirika la Afya Duniani kwa lita 10 ni etanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, na gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi ijae lita 10. Hii ni kazi ya wafamasia, si ya jikoni, kwa sababu etanoli hiyo hushika moto upesi. Lakini kituo kisiseme haiwezekani.

Kitakasa mikono kina pombe. Mimi ni Mwislamu, na nikitoka hapa naenda kuswali.

Wengi Tanga hulifikiria hili hata kama hawalisemi. Januari 2002 wanazuoni wa Rabita, Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, walipokutana Makka waliruhusu alkoholi itumike nje ya mwili kusafisha majeraha na kuua vijidudu. Spiriti inayofutwa kwenye ngozi huruka hewani katika sekunde chache, na inayopenya ni kidogo mno kuweza kumlevya mtu. Kwa jambo la udhu na swala yako mwulize sheikh wako. Ukipenda mhudumu anawe kwa sabuni na maji badala ya spiriti, mwombe. Mikono itakuwa safi vile vile. Kwa ngozi yako, mweleze mapema akutafutie dawa nyingine ya kusafishia kama ipo.

Na dada anayetaka kuchukuliwa damu na mwanamke mwenzake, au nyuma ya pazia ili akunje mkono wa baibui, aseme dirishani wakati wa kujisajili.

Ile pamba iliyoloweshwa kwenye kopo la spiriti, ni safi?

Inanuka usafi, ila si ya kuaminika. Kopo linafunguliwa tangu asubuhi, vidole vinaingia na kutoka, spiriti inaruka na nguvu inapungua. Pamba inayofaa ni kavu, inayomiminiwa spiriti wakati huo huo, au kile kipande kilichofungwa kwenye pakiti yake.

Amenifunga mkono kwa glavu badala ya mpira.

Hutokea sana. Kama ni glavu mpya, itabana ngozi na kuvuta vinyweleo, lakini kazi itafanyika. Kama ni iliyotumika, kataa. Hata mpira wa kawaida unazunguka mikono ya watu wengi kwa siku; wenye doa la damu haufai kuguswa na ngozi yako mpaka usafishwe.

Glavu za buluu na nyeupe zina tofauti gani?

Rangi si kipimo cha ubora. Tofauti ni malighafi yake: mpira wa asili unaoitwa lateksi, nitrili au vinili. Lateksi huwadhuru wachache wenye mzio: ngozi huwasha, huvimba, na kwa nadra pumzi hubana. Ukiwahi kuwashwa na puto au kondomu, au mdomo ukikuwasha kwa kula ndizi, papai au parachichi, mwambie mhudumu kabla hajavaa. Anaweza kutumia nitrili.

Nikiambiwa glavu zimekwisha?

Uliza kama unaweza kusubiri au kurudi. Boksi la glavu 100 ni wagonjwa 50 tu, kwa hiyo maabara inayohudumia watu 80 kwa asubuhi inamaliza boksi zima na zaidi ya nusu ya la pili. Upungufu si uongo siku zote. Ikiwa ni dharura na damu lazima ichukuliwe, anayebeba hatari kubwa ya damu ni mhudumu kuliko wewe. Kwako wewe cha lazima ni mikono iliyotakaswa na sindano mpya iliyofunguliwa mbele ya macho yako. Sindano haina mjadala.

Napima sukari kidoleni. Glavu za mhudumu zinanihusu nini?

Zinakuhusu, maana ni damu ile ile. Lakini hapa mikono yenye kazi kubwa zaidi ni ya kwako. Umemenya machungwa ya Muheza stendi, vidole vina utomvu wa sukari, halafu unatobolewa. Tone la damu linachanganyika na sukari ya tunda na mashine inaonyesha kisukari ambacho huna. Kufuta kwa pamba ya spiriti hakuondoi sukari hiyo yote. Nawa kwa sabuni na maji, kausha, ndipo utobolewe. Kidole kikiwa na maji, damu huzimuliwa na kipimo hushuka.

Hina vidoleni si kizuizi. Piko iliyojaa hadi kiwikoni inaweza kuuficha mshipa machoni, ila mhudumu hutegemea zaidi kupapasa.

Mhudumu amejichoma na sindano yangu, sasa wanataka kunipima. Wananishuku?

Hapana. Glavu haizuii sindano kupenya. Inapangusa sehemu tu ya damu iliyo juu yake. Kwa mtu aliyechomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa mwenye VVU, uwezekano wa kuvipata ni kama asilimia 0.3. Ikiwa mgonjwa ana homa ya ini aina ya B, ni kati ya asilimia 6 na 30 kwa asiyechanjwa. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, bora mapema zaidi, na humezwa siku 28. Majibu yako yanaweza kumwondolea mtu mwezi mzima wa dawa na hofu. Lazima waombe ridhaa yako, na majibu ni siri yako.

Na mimi baada ya kuchomwa nifanye nini?

Bonyeza pamba kavu ukiwa umeunyoosha mkono, dakika 2 hadi 5. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda abonyeze zaidi. Usiukunje mkono, kwa sababu damu huvujia chini ya ngozi na kesho yake utaona alama nyeusi. Usisugue. Pamba yenye damu itupe kwenye chombo cha taka za damu kilichopo pale chumbani. Usiiache benchini wala kuibeba hadi kwenye daladala. Kisha nawa, maana vidole vyako ndivyo vilivyoishika.

Damu ikidondoka kwenye kiti au meza, waite wapasafishe kwa klorini ya asilimia 0.5. Kwa JIK ya asilimia 3.5, hiyo ni kipimo kimoja cha JIK kwa vipimo sita vya maji.

Nikiona mambo hayaendi sawa, nimwone nani?

Anza na msimamizi wa maabara au muuguzi kiongozi wa zamu, siku hiyo hiyo. Akishindwa, nenda kwa mganga mfawidhi wa kituo. Taja saa, chumba na ulichokiona: "Saa tatu asubuhi, chumba cha damu, watu watatu kwa glavu moja." Maelezo ya namna hiyo yanaweza kufuatiliwa. Ukiandika "huduma mbovu" kwenye sanduku la maoni, hakuna atakayejua aanzie wapi.